Masi ya Nyota na Muda Wake wa Kuishi: Kwa Nini Nyota Kubwa Hufa Mapema

Soma swali hili na ulijibu kabla ya kuendelea.

Nyota A na nyota B zimezaliwa wakati mmoja. Nyota A ina masi mara 4 ya masi ya Jua. Nyota B ina masi sawa na ya Jua. Ni ipi itakayokufa kwanza?

Jibu linalokuja haraka kichwani ni nyota B, kwa hoja kwamba A ina fueli nyingi zaidi. Hoja ni kweli lakini jibu si sahihi. Nyota A itakufa kwanza, tena mapema sana: itaishi miaka milioni 300 hivi, na B itaishi miaka bilioni 10 hivi. Kazi ya sura hii ni kukuonyesha sababu yake. Katika chumba cha mtihani utajibu Fizikia kwa Kiingereza. Hapa tunaijenga hoja kwa Kiswahili ili ukifika huko uwe umeelewa, usiwe umekariri.

Mahali petu pa kutazamia nyota patakuwa Nachingwea na Ruangwa, wilaya mbili jirani za Mkoa wa Lindi. Zote ziko karibu nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mtu aliyeko huko huziona nyota nyingi za upande wa kaskazini na za upande wa kusini pia. Kama unaishi kwingine Tanzania, utakachokiona hakitatofautiana sana.

1. Nyota hutumia fueli gani?

Nyota ni mpira mkubwa wa gesi unaojitengenezea nishati wenyewe. Sehemu kubwa ya gesi hiyo ni haidrojeni. Kila tabaka la nyota huvutwa kuelekea katikati na kani ya uvutano. Gesi iliyo kwenye kitovu hugandamizwa hadi inakuwa ya moto mkali. Kwenye kitovu cha Jua jotoridi hufikia nyuzi milioni 15 za Sentigredi.

Katika joto hilo viini vya atomi za haidrojeni hugongana kwa nguvu na kuungana kuwa viini vya heliamu. Umekutana na tendo hili katika mada ya unururifu: ni muungano wa viini. Masi kidogo hupotea na kugeuka kuwa nishati. Kila sekunde Jua hugeuza takribani tani milioni 600 za haidrojeni, na kati ya hizo takribani tani milioni 4 huwa nishati.

Nishati hiyo huifanya gesi isukume kuelekea nje. Basi ndani ya nyota kuna mapambano ya pande mbili: uvutano unasukuma ndani, gesi ya moto inasukuma nje. Pande hizo zikilingana, nyota hutulia na kung'aa kwa muda mrefu. Haidrojeni ya kwenye kitovu ikiisha, usawa unavunjika na nyota huanza kufa. Kwa hiyo tukisema "muda wa kuishi wa nyota" tunamaanisha hasa muda ambao kitovu chake kina haidrojeni ya kutumia.

2. Kwa nini nyota kubwa huimaliza haraka?

Fikiria ghala mbili za mahindi. Familia moja ya Nachingwea ina magunia 2 na hutumia debe 1 kwa wiki. Gunia moja ni debe 6, kwa hiyo akiba yao ni debe 12, nayo itadumu wiki 12. Shule ya bweni ina magunia 40 stoo na hutumia magunia 10 kwa wiki. Akiba hiyo itadumu wiki 4 tu. Shule ilianza na akiba mara 20 ya familia, lakini imeimaliza katika theluthi ya muda. Ukubwa wa akiba peke yake haukuambii itadumu muda gani. Lazima ujue na kasi ya kuitumia.

Nyota ni hivyo hivyo, na sababu ya kasi kubwa ni kani ya uvutano. Fuata hatua hizi moja moja:

(a) Masi ikiongezeka, uvutano unaobana kitovu unaongezeka.
(b) Ili gesi iweze kuhimili mbano huo, jotoridi la kitovu hupanda.
(c) Jotoridi likipanda kidogo tu, kasi ya muungano wa viini hupanda mara nyingi sana.
(d) Nyota hung'aa zaidi, na haidrojeni hutumika kwa kasi kubwa zaidi.

Hatua ya (c) ndiyo yenye uzito. Kama kasi ya kutumia fueli ingeongezeka sawasawa na masi, nyota zote zingeishi muda uleule. Lakini kwa nyota nyingi zilizopimwa, mng'ao huongezeka takribani kwa masi iliyopewa kipeo cha 3.5. Masi ikiwa mara 4, mng'ao unakuwa mara 128. Fueli imeongezeka mara 4, matumizi yameongezeka mara 128.

3. Kanuni na mifano iliyofanywa

Mfano wa 1. Kadiria muda wa kuishi wa Jua.

Masi ya Jua ni kilo 2 × 10³⁰. Takribani sehemu moja ya kumi ya masi hiyo ndiyo iliyo kwenye kitovu na inayoweza kutumika: kilo 2 × 10²⁹. Kasi ya matumizi ni tani milioni 600, yaani kilo 6 × 10¹¹, kwa sekunde.

Muda = 2 × 10²⁹ ÷ 6 × 10¹¹ = sekunde 3.3 × 10¹⁷.

Mwaka mmoja una sekunde 3.15 × 10⁷ hivi. Ukigawanya unapata miaka 1.06 × 10¹⁰, yaani miaka bilioni 10 kwa makadirio. Jua lina umri wa miaka bilioni 4.6, kwa hiyo limefika karibu nusu ya safari.

Mfano wa 2. Tafuta kanuni ya muda wa kuishi wa nyota yoyote.

Tuseme M ni masi ya nyota ukilinganisha na Jua. Muda ni fueli ikigawanywa kwa kasi ya matumizi. Fueli inakwenda na M. Kasi inakwenda na M yenye kipeo 3.5. Ukigawanya, vipeo vinatoana, na unabaki na M yenye kipeo 2.5 chini ya mstari wa kugawanya. Kwa hiyo:

Muda wa kuishi = miaka bilioni 10 ÷ M^2.5

Ili kupata M^2.5 bila kikokotoo, zidisha kipeo cha pili cha M kwa kipeuo cha pili cha M. Kwa M = 4: 16 × 2 = 32. Bilioni 10 ukigawanya kwa 32 unapata miaka milioni 312.5. Hilo ndilo jibu la nyota A.

Kwa njia hiyo hiyo tunapata orodha hii:

Masi 0.25: mng'ao 1/128 ya Jua, muda miaka bilioni 320.
Masi 1: mng'ao 1; muda miaka bilioni 10.
Masi 4: mng'ao mara 128, muda miaka milioni 312.
Masi 9: mng'ao mara 2,187, muda miaka milioni 41.

Angalizo: kanuni hii ni ya makadirio. Inafanya kazi vizuri kwa nyota zisizotofautiana sana na Jua. Kwa nyota nzito sana hutoa umri mfupi kuliko uhalisia, kwa sababu huko mng'ao hauongezeki tena kwa kipeo cha 3.5. Lakini mwelekeo haubadiliki: masi kubwa, maisha mafupi.

4. Toka nje utazame

Pengine unajiuliza: mwanadamu anaishi miaka michache tu, amejuaje mambo ya miaka milioni mia? Jibu ni kwamba hatungoji nyota moja izaliwe hadi ife. Tunalinganisha nyota nyingi zilizo katika hatua mbalimbali, kama mtu anayeingia kijijini siku moja tu na bado akajua binadamu hukuaje, kwa kuwaona watoto, vijana na wazee.

Desemba au Januari, usiku usio na mawingu, simama mahali pasipo na taa nyingi kati ya saa 3 na saa 4 usiku, ukitazama mashariki. Tafuta nyota tatu zilizopangana mstari ulionyooka. Hizo ni za kundi la Orion. Kushoto kwake, yaani upande wa kaskazini, kuna nyota yenye wekundu: Betelgeuse. Ukiufuata mstari wa zile tatu kuelekea chini utafika kwenye nyota inayong'aa kuliko zote za usiku: Sirius. Ukiufuata kuelekea juu utaipita nyota ya rangi ya chungwa, Aldebaran, kisha utafika kwenye kifungu kidogo cha nyota zilizokaribiana. Hicho ni Kilimia, ambacho jina lake linatokana na kulima. Sasa umepata mashahidi watatu.

Shahidi wa kwanza ni Sirius. Kwa macho ni nyota moja, lakini kwa darubini ni mbili, nazo zilizaliwa pamoja. Sirius A, ile tunayoiona, ina masi mara 2 hivi ya Jua na bado inaunganisha haidrojeni. Mwenzake, Sirius B, aliyeonekana kwa mara ya kwanza mwaka 1862, ni kibete cheupe: mabaki ya nyota iliyokufa, yenye masi karibu sawa na Jua iliyobanwa katika ukubwa unaokaribia wa Dunia. Wanaastronomia wanakadiria kwamba Sirius B ilianza ikiwa na masi mara 5 hivi ya Jua, kisha ikapoteza matabaka yake ya nje. Pacha mzito amekufa, pacha mwepesi yu hai. Huo ni ushahidi unaoweza kuutumia moja kwa moja katika jibu lako.

Shahidi wa pili ni Kilimia. Nyota zake zinazong'aa zaidi ni za bluu, yaani nzito na za moto sana. Kwa kuwa nyota za aina hiyo haziishi muda mrefu, kuwapo kwake kunatuambia kwamba kifungu hiki ni kichanga: kina miaka milioni 100 hivi. Karibu na Aldebaran kuna kifungu kingine, Hyades, chenye umbo la herufi V. (Aldebaran yenyewe si mwanachama wake, iko karibu nasi zaidi.) Hyades kina umri wa zaidi ya miaka milioni 600, na humo nyota nzito za bluu hazimo tena. Hii ndiyo njia ya kupima umri wa kifungu cha nyota: angalia ni nyota zipi zimekwisha kufa.

Shahidi wa tatu ni Betelgeuse. Masi yake ni zaidi ya mara 10 ya Jua. Imezaliwa juzi tu kwa hesabu za nyota, miaka milioni 10 hivi iliyopita, na tayari imevimba na kuwa nyekundu, dalili ya uzee.

Ili uione miaka hiyo vizuri, tumia kipimo kilicho mkoani Lindi kwenyewe. Katika kilima cha Tendaguru, kati ya mwaka 1909 na 1913, Wajerumani walichimbua mifupa ya dinosaria, na mmoja wao amesimamishwa katika jumba la makumbusho mjini Berlin. Dinosaria hao waliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Jua lililowaangazia ni hili hili linalokauka korosho za Nachingwea leo. Lakini Betelgeuse haikuwapo. Kilimia hakikuwapo. Na Sirius B, kwa makadirio yaliyopo, ilikuwa bado nyota hai, iking'aa kuliko pacha wake. Nyota yoyote ya masi 9 iliyozaliwa siku zile imekufa zamani sana.

5. Masi huamua pia aina ya kifo

Nyota ndogo, chini ya nusu ya masi ya Jua, hutumia fueli kidogo kidogo. Ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8 tu, kwa hiyo hakuna hata moja ya aina hii iliyokwisha kumaliza fueli yake. Jirani yetu wa karibu kuliko nyota zote ukiacha Jua, Proxima Centauri, ni wa kundi hili. Haionekani kwa macho matupu ingawa iko karibu.

Nyota za kati, hadi masi mara 8 hivi ya Jua, huvimba kuwa jitu jekundu, hutoa matabaka ya nje angani, na kitovu hubaki kuwa kibete cheupe. Jua litakwenda njia hii.

Nyota nzito, zaidi ya mara 8 ya Jua, huendelea kuunganisha viini vizito zaidi hadi kitovu kinakuwa chuma. Kuunganisha chuma hakutoi nishati. Msukumo wa kwenda nje unakosa nguvu, kitovu kinaporomoka, na nyota hulipuka. Mlipuko huo huitwa supanova. Kinachobaki ni nyota ya nyutroni, au shimo jeusi kama masi iliyobaki ni kubwa mno.

Mlipuko wa namna hii ulionekana kwa macho kutoka nchi za kusini mwaka 1987, kuanzia mwezi Februari, katika galaksi ndogo iitwayo Wingu Kubwa la Magellan. Nyota iliyolipuka ilikuwa na masi mara 20 hivi ya Jua, na ilikuwa imepigwa picha kabla ya kulipuka. Hivyo wanasayansi walijua nani amekufa.

Mabaki ya nyota nzito nayo yana historia hapa Afrika Mashariki. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, Kenya, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kuchunguza eksirei kutoka angani. Ilikuwa ya Marekani, na jukwaa lilikuwa la Waitalia. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa inaadhimisha miaka 7 ya uhuru wake, setilaiti ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Eksirei kutoka angani hazipenyi angahewa, ndiyo maana chombo kilipaswa kupelekwa juu. Uhuru iligundua kwamba chanzo kiitwacho Centaurus X-3 kinapwita kila baada ya sekunde 4.8, hiyo ni nyota ya nyutroni. Pia vipimo vyake vya Cygnus X-1 vilisaidia kuitambua kuwa shimo jeusi. Vyote viwili ni mabaki ya nyota nzito zilizokufa mapema, na kila kimoja bado kinazunguka na nyota mwenzake iliyo hai.

6. Haya yanakuhusu vipi?

Ardhi ya Ruangwa ina madini ya kinywe. Kinywe ni kaboni, na ndicho kinachochanganywa na udongo kutengeneza risasi ya penseli utakayochorea michoro yako. Kaboni haikuwapo ulimwengu ulipoanza. Imetengenezwa ndani ya nyota, viini vitatu vya heliamu vinapoungana kuwa kimoja. Oksijeni unayovuta na chuma cha jembe navyo vilitengenezwa na nyota, na sehemu kubwa ilisambazwa na milipuko.

Sasa unganisha hoja. Kama nyota zote zingeishi miaka bilioni 10 kama Jua, malighafi hizo zingechelewa sana kupatikana. Ni kwa sababu nyota nzito hufa mapema ndipo kaboni, oksijeni na chuma vilikuwa vimekwisha kusambaa angani Jua na Dunia vilipoumbika miaka bilioni 4.6 iliyopita. Na ni kwa sababu Jua si zito ndipo Dunia ilipata muda wa kutosha wa kuwa na viumbe. Jua lingekuwa na masi mara 4, lingekufa kabla hata ya dinosaria wa Tendaguru kufikiriwa.

Makosa ya kuepuka

Usiandike "nyota kubwa ina fueli nyingi, kwa hiyo huishi zaidi". Taja daima vitu viwili: kiasi cha fueli na kasi ya matumizi.

Usiandike kwamba nyota "inaungua" kama kuni. Kuungua kwa kuni kunahitaji oksijeni; nyota huunganisha viini.

Usiandike kwamba Jua litakuwa supanova. Masi yake haitoshi.

Usichanganye ukubwa wa umbo na masi. Jitu jekundu ni pana sana, lakini upana wake hautokani na kuongezeka kwa masi.

Maswali ya kujipima

1. Kokotoa muda wa kuishi wa nyota yenye masi mara 16 ya Jua kwa kutumia kanuni.
2. Katika kifungu fulani, nyota zote zenye masi zaidi ya mara 4 ya Jua zimekufa, na zilizo chini ya hapo ziko hai. Kifungu hicho kina umri gani?
3. Eleza kwa hatua nne kwa nini kuongezeka kwa masi hufupisha maisha ya nyota.
4. Sirius A na Sirius B zilizaliwa pamoja. Tunajuaje kwamba Sirius B ndiyo iliyokuwa nzito zaidi mwanzoni?

Majibu

1. 256 × 4 = 1,024; bilioni 10 ÷ 1,024 = takribani miaka milioni 9.8.
2. Takribani miaka milioni 312, kwa kuwa huo ndio muda wa kuishi wa nyota ya masi 4.
3. Rejea hatua (a) hadi (d) katika sehemu ya 2, kisha malizia kwa kulinganisha fueli na kasi ya matumizi.
4. Kwa sababu imekufa kwanza. Katika nyota zilizozaliwa pamoja, iliyotangulia kumaliza fueli ndiyo iliyokuwa na masi kubwa.